Mizinga Nyuma ya Kilima

Uwandani, kwenye alizeti
Jumanne, 3 Juni

Mke wangu, Bibi Cherehani,

Tumefika salama, mimi na mizinga yangu ishirini na minane. Kama unauliza nani amechoka zaidi, ni Dereva, aliyeimba njia nzima eti nyuki wasisikie mashimo. Siku mbili barabarani. Alizeti zimeshafunguka, manjano mpaka macho yanauma. Mwenye shamba amenipa chumba chenye kitanda cha kamba na mlango usiofungika. Simu huku hazishiki, kwa hiyo tutarudi kwenye barua kama enzi za uchumba, ulipokuwa unaniandikia kurasa nne na mimi nakujibu mistari mitatu. Mpe Dereva kila akipita na mashudu yake ya ng'ombe, atanifikishia.

Najua uliingia nyumbani jana, siku moja baada ya mimi kutoka. Dada yako alikataa kata kata usirudi kabla mizinga haijaondoka, na alikuwa na haki. Ila mwezi mzima ulikuwa kwake mjini, halafu tumepishana kwa siku moja. Hilo limenikaa kooni.

Ile sindano ya dawa aliyokupa umeiweka wapi? Usiniambie kabatini chini ya vitambaa. Iweke mahali utakapoifikia hata ukiwa huoni vizuri. Nisamehe kwa kuandika hivyo, lakini nilikuona ukiwa huoni vizuri na sijasahau. Uani sasa hakuna hata mzinga mmoja, limebaki lile sanduku tupu lililooza chini. Anika nguo zako upendavyo.

Mimi huku mbali moyo umetulia kabisa.

Wako,
Mzee wa Moshi


Nyumbani
Ijumaa, 6 Juni

Dada yangu,

Kama umesimama wodini, tafuta kiti kwanza.

Jana saa kumi jioni nilikuwa dirishani natunga uzi, nikaona kitu cheusi kimening'inia kwenye nguzo za uani, pale ilipokuwa mizinga. Nyuki, dada. Si wawili watatu, ni rundo la kujaza kofia. Wanatua, wanaruka, wanazunguka hewa tupu, wanatua tena. Leo wamehamia kwenye sanduku bovu ambalo shemeji yako aliliacha.

Wewe mtu wa hospitali hujui mambo haya, ngoja nikueleze. Nyuki akitoka kutafuta maua anakariri njia ya kurudi. Ukiupeleka mzinga wake mbali kabisa, anatoka, anaona nchi ngeni, anajifunza upya. Ukiuhamishia jirani, anatoka, anakutana na mti anaoujua, anasema ah, kumbe hapa ni kwetu, na anarudi pale pale alipozoea hata kama mzinga haupo. Mume wangu mwenyewe alinifundisha mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa vikombe mezani. Ni kilomita tatu, nne hivi. Zaidi ya hapo hawarudi.

Sasa mtu aniambie, hawa wamerudije kutoka uwandani, mwendo wa siku mbili kwa lori?

Hayuko uwandani. Yuko hapa nyuma ya kilima, kwenye mikaratusi ya kile kiwanda cha mbao kilichofungwa, maana hakuna kingine kinachochanua upande huu. Na jana hiyo hiyo Dereva ameniletea barua yenye kitanda cha kamba na mlango usiofungika, uso mkavu kabisa! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Miaka ishirini na sita, msimu ukifunguka mume wangu anaondoka bila kugeuka nyuma, miezi minne, mimi na cherehani. Mwaka huu ameshindwa kuvuka kilima kimoja.

Usimwambie kwamba najua. Nami simwambii. Utakachosema nakijua, kwa hiyo usikiseme. Madirisha nimefunga.

Mdogo wako


Mjini
Jumanne, 10 Juni

Mdogo wangu usiyesikia,

Umecheka. Mimi sikucheka hata kidogo.

Nikukumbushe, maana naona umesahau. Mwanzoni mwa mwezi wa tano nyuki mmoja, mmoja tu, alikuuma shingoni ukaanguka kando ya tangi la maji. Midomo ilivimba, pumzi ikakata. Kama lori la mashudu lisingekuwa limesimama barabarani siku hiyo, leo nisingekuwa na mdogo wa kumwandikia. Daktari alisema mbele yangu na mbele ya mumeo kwamba mwili wako umebadilika, miaka yote ile ya kuumwa ukajipaka sabuni na maumivu yakaisha, imekwisha, na atakayefuata anaweza kukuua. Mumeo akaapa pale pale kwamba mizinga haitakaa tena karibu nawe. Na sasa unaniambia wamo uani na umefunga madirisha, utadhani ni vumbi!

Mwandikie leo hii. Mwambie nyuki wamerudi, aje awaondoe, kisha aende huko alikodanganya amekwenda. Au panda basi uje, kitanda ulicholalia mwezi uliopita bado kimetandikwa. Usipofanya hata moja nitachukua likizo nije mwenyewe, na unajua nikija sinyamazi.

Dada yako


Nyumbani
Alhamisi, 12 Juni

Mzee wa Moshi,

Barua yako imefika safi ajabu kwa karatasi iliyokula vumbi la siku mbili. Nimeisoma mara nyingi. Nataka zaidi. Huko upepo unavuma? Maji mnateka wapi? Mke wa mwenye shamba anapika vizuri kunishinda? Nina hamu na habari za mbali, usinibanie.

Huku hakuna jipya. Nashona sare za shule, suruali arobaini, na zote zinataka mifuko minne kana kwamba watoto wana cha kutia humo. Bati la jikoni limelegea kona moja, likipigwa na upepo naruka kitandani. Dada anatishia kuja. Uani ni tulivu. Siku hizi nakaa sana dirishani, sijui kwa nini. Nashona mshono mmoja, nainuka, natazama, nakaa, nainuka tena.

Wakati mwingine nahisi uko karibu tu, kwamba ukikohoa nitakusikia. Ni wazimu wa mtu aliyezoea kuachwa, usiutilie maanani. Kaa huko ulipo, na ule vizuri.

Wako,
Bibi Cherehani


Uwandani
Jumanne, 17 Juni

Mke wangu,

Upepo upo, tena mkali. Maji tunateka kisimani. Mke wa mwenye shamba anapika, ila mkono wake kwenye chumvi ni mzito, kila mlo nanywa maji kama ng'ombe. Alizeti zinaendelea kuwa manjano.

Dada yako akija, mpokee. Nitafurahi kujua kuna mtu na wewe. Bati usilipande hata siku moja, niachie mimi, nitaona la kufanya.

Nitakuambia ukweli mmoja: situlii. Nakagua mizinga asubuhi, nakagua tena mchana, mpaka nyuki wenyewe wamenichoka. Kila asubuhi napanda kilima nikiangalie kijiji, nikishuka nasema kesho sipandi, kesho yake napanda. Miaka mingine nikishafika msimuni nasahau hata siku ya wiki. Sijui mwaka huu nina nini.

Jumatatu hukuwasha jiko mpaka saa nne. Unaumwa? Niandikie upesi.

Wako,
Mzee wa Moshi


Nyumbani kwako
Alhamisi, 26 Juni

Shemeji,

Salamu nitakupa siku nyingine. Barua hii naiandika Dereva akiingoja mlangoni, na nimemwambia asijisumbue kufika nayo uwandani, apinde tu kwenye kiwanda cha mbao. Ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa na daftari la mwenzake.

Nyuki wako walirudi uani. Wamekaa kwenye lile sanduku bovu tangu wiki ya kwanza. Mke wako aliwaona, akajua uko wapi, akanyamaza. Mimi nilijua siku nne baadaye, nikaishia kupiga kelele kwa barua. Wewe unaandika kuhusu chumvi, yeye anaandika kuhusu suruali, halafu mnajiita watu wazima.

Nilifika Jumamosi. Jumanne asubuhi nilianua nguo mwenyewe nikazikunja mwenyewe. Nyuki alikuwa ndani ya taulo. Taulo nililikunja mimi, shemeji, kwa mikono hii ya miaka thelathini ya wodi. Mdogo wangu akatoka kuoga, akalichukua, nikasikia "ah" ndogo tu, kama mtu aliyejidunga na sindano ya kushonea. Kiganja, mkono, halafu koo. Nilimchoma dawa pajani juu ya khanga, sikungoja. Tulikaa sakafuni, mgongo wake kifuani kwangu, nikisikiliza kila pumzi inavyoingia, mpaka saa sita mchana. Sasa hajambo. Ananigombeza kwa sababu nimemwagia chai kitambaa cha mteja.

Amenikataza kukuambia. Sanduku nimelimwagia mafuta ya taa nikalichoma, na yeye alisimama dirishani akalia, si kwa ajili ya sanduku.

Umefuga nyuki maisha yako yote. Ulisahau kwamba wanarudi, au ulikumbuka ukajidanganya? Nisingekuwa na likizo wiki hii, ungekuwa unapanda kilima kutazama jiko lisilowashwa.

Shemeji yako


Njia panda
Ijumaa, 27 Juni

Mke wangu,

Dada yako ameniuliza kama nilisahau. Sikusahau. Ngoja nikueleze yote, halafu unichukie ukiwa unajua unachokichukia.

Tulipofika hapa njia panda ile siku ya kwanza, Dereva aliuliza tu kama tusimame tujaze maji. Nikafungua mdomo nimwambie tusonge, nikamwambia geuza. Nilikuwa sijakuona mwezi mzima. Mara ya mwisho nilikuwa nimekubeba na miguu yako inaburuta chini. Nikajiambia nitakaa nyuma ya kilima siku mbili tatu, nione moshi wa jiko lako, nihakikishe uko mzima, kisha niende. Nikiona moshi nasema sasa naondoka, halafu nasubiri wa kesho.

Nyuki niliwaziba kwa majani kwenye milango, kama tunavyofanya tukihamishia karibu, ili wakitoka wajue wameamka pengine. Inatakiwa siku tatu kamili. Siku ya pili jua lilikuwa kali, nikawasikia wanavuma kwa joto ndani. Nikawafungulia kabla ya wakati. Niliwahurumia wao. Hilo ndilo siwezi kulimeza: nilisimama katikati ya nyuki na wewe, nikawahurumia nyuki.

Mizinga iko juu ya lori. Safari hii Dereva hakuniuliza kitu na mimi sigeuzi. Ukisoma hii niko uwandani kweli. Usinijibu kama hutaki.

Mumeo


Nyumbani
Alhamisi, 3 Julai

Mume wangu,

Nani alikuambia uende?

Nimesoma barua yako nikaitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Wewe kazi yako ni kuondoka. Ukikosea unaondoka, ukiogopa unaondoka, ukipenda pia unaondoka. Ulishindwa nini kuvuka kilima kwa miguu yako, ukavua kofia yako na nguo zako za nyuki getini, ukaingia nyumbani kwako ukiwa na kaptura? Nilikungoja. Siku ile niliyokwenda dukani nikarudi nikakuta bati la jikoni limepigiliwa misumari mipya, nilikaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka jua likazama, nikidhani utarudi kuchukua nyundo uliyoisahau. Hukurudi. Na kilima gani hicho unachokipanda uwandani, mume wangu? Hata kudanganya hujui.

Lakini usijibebeshe peke yako, nisikilize. Ningeweza kumwita jirani siku ya kwanza akalichoma lile sanduku. Ni kazi ya kibiriti kimoja. Sikumwita. Nilijua wanaweza kuniua, nikajua vilevile kwamba wakiendelea kuja, uko pale pale. Asubuhi nikiamka nilikuwa natazama kwanza kama wapo. Wakiwepo, nakunywa chai yangu kwa raha. Mtu mwenye akili zake angefanya hivyo? Dada anasema hapana, na dada amesoma.

Ameondoka jana. Ameniachia sindano mbili na maneno mengi. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani, na nilidhani ilikufa mwaka juzi. Jana nimeshona kola mbili kwenye shati moja.

Usiniandikie uongo tena, hata wa kunifurahisha.

Mkeo


Uwandani kweli
Ijumaa, 11 Julai

Mke wangu,

Ukweli mtupu, basi. Hakuna kitanda cha kamba, nalala stoo juu ya magunia. Mlango unafungika, tatizo ni kufunguka. Mwenye shamba hana mke, alifariki zamani, na chakula anapika mwenyewe bila chumvi kabisa. Alizeti nyingi zimeshainamisha vichwa, nimechelewa karibu mwezi. Mizinga tisa imedhoofika.

Sitembei tena. Hakuna mahali pa kupanda, na hata kungekuwapo nisingeona chochote chako. Nakaa. Dereva ananiambia nimekuwa mpole, na sidhani alikuwa ananisifia.

Nimewaza hivi. Alizeti zikiisha nitamwachia mwenye shamba mizinga yote, anajua kuitunza. Nitarudi mikono mitupu na sitaondoka tena. Nitajifunza kukata vitambaa. Nitakuwa nyumbani masika na kiangazi, utanichoka wewe. Nimeanza kazi hii nikiwa mdogo, baba yangu akinishika kiwiko nisitetemeke mbele ya mzinga, na sijui nitafanya nini na mikono yangu, lakini mikono itajua yenyewe. Sema neno moja tu nimwambie leo.

Mumeo


Kwenye mji mdogo wa barabarani
Alhamisi, 24 Julai

Mzee wa Moshi,

Neno moja: hapana.

Mizinga usimwachie mtu. Nakujua. Wiki ya kwanza utakata vitambaa, ya pili utavikata vibaya, ya tatu nitakukuta umefungua cherehani yangu kuangalia kinachovuma ndani. Nitakuwa na mume nyumbani na sitakuwa na wewe. Nimeolewa na mtu anayenuka moshi, sitaki kubadilishiwa uzeeni.

Lakini kubaki dirishani miezi minne, hilo nalo limekwisha. Nimefunga nyumba. Funguo ziko kwa jirani, suruali arobaini zimechukuliwa, dada alikuja kuniaga, akanipa sindano ya tatu na kuniambia mimi ni mwehu, kisha akanifungia mkate wa njiani. Jumanne nilipanda lori la mashudu na cherehani yangu miguuni. Miaka ishirini na sita nasikia habari za barabara hii, kumbe ndiyo mbaya hivi. Dereva aliimba. Ana sauti mbaya sana, pole kwa yote uliyovumilia.

Jana tulipita kwenye geti la alizeti. Vioo vilikuwa vimefungwa mpaka juu, usiogope. Nilikuona. Ulikuwa umeinama kwenye mzinga wa mwisho, kofia na moshi, na umekonda. Dereva alitaka kupiga honi nikamshika mkono. Nikamwambia asome kilomita kuanzia pale getini, asikosee hata moja. Tulipofika tano kulikuwa na nyumba nzuri yenye chumba cha kupangisha, maua mlangoni. Nikamwambia bado, endesha. Kwenye nane akaniangalia kwa jicho la pembeni. Nikamwambia endesha.

Chumba nilichopata kiko nyuma ya duka la misumari na rangi. Sakafu ya saruji, dirisha moja, nimeliwekea wavu. Bomba liko nje mlangoni. Mwenye duka tayari ameniletea mapazia yake niyashone. Msimu ukiisha uwandani tutaona maua yanachanua wapi, na mimi nitaanza kutafuta chumba, kwa kipimo hiki hiki.

Nguo za nyuki zibaki shambani. Kung'uta kofia, kung'uta hata masikio. Ukifika osha bombani kwanza, nitakupa kaptura kupitia mlangoni, na taulo nitalikunjua mbele yako.

Nimeuliza, mwenye shamba ana baiskeli yenye breki moja. Kutoka getini kwako mpaka mlangoni kwangu ni kilomita kumi na moja. Nyuki wako hawafiki hapa.

Wewe unafika. Jumamosi, basi.

Bibi Cherehani